Bafle Lililomlewesha Dada Yangu

Gari la baba mdogo Selemani lilinuka samaki wa chumvi. Lilinuka madirisha yakiwa wazi, lilinuka baada ya mama kulisugua ndani kwa sabuni na maji ya majivu, lilinuka hata katikati ya kiangazi, wakati vumbi jekundu la Kasongo linapoingia puani na kuziba kila harufu nyingine. Mwenyewe wake wa kwanza alikuwa mfanyabiashara aliyelipakia magunia ya samaki mwaka baada ya mwaka, na maji ya chumvi yalikuwa yamezama mpaka kwenye mifupa ya gari. Baba mdogo alipowasha muziki, nyaya zilipata moto, na juu ya harufu ya samaki ikaja nyingine, ya vumbi linaloungua polepole juu ya chuma. Nilizipenda harufu zote mbili. Nilikuwa darasa la tano, umri wa kuanza kujiona mkubwa, na kiangazi kile sikutaka kukaa mahali pengine popote ila kwenye kiti cha mbele cha gari lile, miguu juu ya dashibodi, nikisikiliza.

Baba mdogo alikuwa amerudi nalo kutoka kwenye machimbo ya dhahabu, upande wa Kabambare. Alikuwa ameondoka nyumbani na pikipiki nzuri, pikipiki ambayo ilipita kwenye matope ya njia ya Wamaza, yasiyokauka hata kiangazi, kama mbuzi anavyopita kwenye shamba la watu, na huko akaibadilisha na gari. Mama alipoliona likiingia uani, likisukumwa na vijana wa mtaa huku baba mdogo akiwa ameshika usukani kwa heshima zote, aliweka chini ungo wake. Alilizunguka polepole. Mlango mmoja wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa ukanda wa mpira wa tairi. Gia ya kurudi nyuma haikuwapo kabisa. Ukitaka kurudi nyuma, uliomba watu. Mama akauliza, kwa upole uliomtisha kila mtu, «Shemeji, na pikipiki iko wapi?» Baba mdogo alienda nyuma, akafungua buti, akaonyesha kwa mikono yote miwili kile alichokuwa amekipata: bafle moja kubwa jeusi la kutolea sauti, lililojaza buti lote, na pembeni yake ampli ya kukuza sauti yenye vifungo vingi na taa ya buluu. Kwenye milango kulikuwa na mabafle mengine madogo manne. Kulikuwa hata na mikrofoni. «Shemeji,» akasema, «pikipiki haiimbe.»

Tangu siku ile kazi yetu ikawa kutafuta kasoro. Nasema yetu kwa sababu baba mdogo aligundua mapema kwamba masikio yake yalikuwa yameharibiwa na mashine za kusaga mawe huko machimboni, na kwamba yangu yalikuwa mazima. Yeye aligusa, mimi nilisikiliza. Alinifundisha kuchukua pile, betri ndogo ya tochi, na nyaya mbili, kuzigusisha kidogo tu nyuma ya bafle, na kungoja: bafle likiwa hai linasema «tok», kama mtu anayebisha hodi. Likinyamaza, limekufa, au waya wake umekatika. Alinifundisha kufuata njia ya sauti kuanzia kwenye redio, kupita kwenye ampli, mpaka kwenye bafle, na kuzima moja moja ili kujua ni nani anayepiga kelele. Bafle la mlango wa nyuma kushoto lilikuwa na karatasi iliyochanika, nasi tukaibandika kwa gundi na kipande cha mfuko wa saruji, lakini liliendelea kunguruma kama nyigu aliyefungiwa kwenye chupa. Mashine ya gari ikiwaka, mlio mwembamba uliingia ndani ya muziki na kupanda kila alipokanyaga mafuta. Na kulikuwa na ugonjwa wa tatu ambao hatukuupatia dawa: mara kwa mara, wimbo ukifika mahali pa juu, sauti yote ilikatika kidogo, kama mtu aliyepaliwa, halafu ikaendelea. Dawa ya baba mdogo kwa magonjwa yote ilikuwa ileile. Alizungusha vifungo vya ampli mpaka mwisho, vyote, kwa imani kwamba kifungo ambacho hakijafika mwisho ni kifungo kinachofanya uvivu.

Kiangazi hichohicho dada yangu Feza alikuwa anaolewa. Mchumba wake, Daudi, alikuwa muuguzi kule Kabambare, kijana mrefu mwenye aibu, ambaye Feza alikutana naye alipompeleka shangazi yetu kutibiwa mguu. Ukoo wetu haukuwa na neno juu ya Daudi. Ukoo wake ndio uliokuwa na maneno juu yetu. Walikuwa watu wa kanisa moja kali ambalo halikuruhusu pombe, wala ngoma, wala kucheka sana siku ya Jumapili. Sisi pia tulikuwa watu wa kanisa, wakulima wa mpunga na muhogo kwa vizazi, lakini walikuwa wamesikia kwamba Kasongo ni mji wa starehe, na kwamba Feza ana ndugu anayechimba dhahabu. Mazungumzo yalichukua muda mrefu. Baba yangu alikonda. Hatimaye Mzee Elia, baba yake Daudi, alikubali, kwa sharti kwamba karamu iwe ya chai, soda na maombi. Feza, ambaye alikuwa hajawahi kuonja hata malafu, pombe ya mchikichi, aliona sharti hilo kuwa rahisi kuliko yote. Usiku ule nilimsikia akiimba peke yake akiwa anaosha vyombo.

Mwanzoni mwa wiki ya harusi, baba mdogo alimwendea baba na kuomba kitu kimoja tu: aruhusiwe kuutangazia mji. Baba alikataa. Akaomba tena wakati wa chakula. Baba akakataa huku anatafuna. Mwishowe Feza mwenyewe ndiye aliyesema, «Papa, mumuache. Yeye hana kitu kingine cha kunipa.» Basi baba akaruhusu, na asubuhi iliyofuata vijana walilisukuma gari mpaka likawaka, buti likaachwa wazi ili lile bafle kubwa litazame nyuma, nami nikakaa kwenye kiti changu cha mbele nikiwa nimevaa gauni la Jumapili.

Tulizunguka Kasongo yote. Tulipita sokoni katikati ya wanawake wa mawese na wanaume wa baiskeli, tukapita misikitini, tukapita shule za misheni, taratibu kwa sababu ya mashimo. Baba mdogo alishika usukani kwa mkono mmoja na mikrofoni kwa mwingine. Alikuwa ameandaa maneno yake vizuri: «Feza, binti wa Papa Yoani, anaolewa Jumamosi! Wote munakaribishwa! Muje wote, wakubwa na watoto!» Na kila alipofika kwenye neno lile la katikati, kifua kilimjaa, macho yakalowa, akalivuta kwa nguvu zake zote: «anaoooolewa!» Ndani ya gari, kati ya mlio wa mashine na kelele za milango, tulisikia koo lake tu. Kilichotoka nyuma hatukukisikia. Tulichokiona ni kwamba watu walifurahi kuliko tulivyotegemea. Wanawake walishika mbavu. Vijana wa pikipiki walipiga honi na kutufuata. Mwalimu mmoja alisimama barabarani mdomo wazi. Baba mdogo alinigeukia akasema, «Unaona, Riziki? Watu wanapenda dada yako sana.»

Jirani yetu Kabwe ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika nyumbani. Kabwe alikuwa mtu mwema, fundi wa kusuka vikapu, ambaye alipenda lutuku, ile pombe kali ya mahindi na muhogo, kuliko alivyopenda kula. Alikuja jioni akiwa amevaa shati safi, kikombe chake cha bati mkononi, akakaa kwenye benchi na kumuuliza mama kama Feza angeanza asubuhi au mchana. Mama akamwambia wangeanza asubuhi, kanisani. Kabwe alishangaa. «Kanisani?» akauliza. «Na mupadri anakubali?» Mama akamwambia mchungaji ndiye atakayeongoza. Kabwe alikitazama kikombe chake kama mtu aliyegundua kwamba dini imemwacha nyuma, halafu akasema kwa unyenyekevu kwamba Jumamosi yeye angekuwa wa kwanza. Alipoondoka mama alitikisa kichwa. Alidhani ni lutuku inayosema. Kesho yake alikuja tena na kikombe, na kesho yake tena.

Mpaka hapo hakuna aliyetuambia. Watu wa mtaani walidhani ni mzaha wetu wenyewe, na mzaha wa wenyewe hauulizwi. Lakini katikati ya soko, siku ile tulipopita, kulikuwa na mwendesha pikipiki mmoja aliyekuwa anafunga madumu ya mawese kwenda nayo Kabambare. Alilisikia tangazo, akacheka, akaondoka. Na njiani, kila aliposimama kutengeneza gurudumu au kunywa maji, alilisimulia.

Tulikuwa tunatwanga muhogo uani, siku chache kabla ya Jumamosi, wakati pikipiki tatu zilipoingia zikiwa zimejaa tope mpaka kwenye taa. Kwenye ya kwanza alikuwa Mzee Elia, kofia yake ikiwa imefungwa kidevuni kwa kamba ili upepo usiichukue. Ya pili ilibeba mzigo. Kwenye ya tatu, nyuma ya kijana aliyeonekana kuteseka, alikuwa dada wa Mzee Elia, Shangazi Mwavita, mwanamke mnene, mfupi, kiongozi wa kwaya ya kanisa lao, ambaye sifa zake zilikuwa zimetufikia muda mrefu kabla yake. Ilisemekana kwamba katika waimbaji wote wa kwaya aliweza kumtambua aliyekosea sauti bila kugeuka. Walikuwa wametarajiwa Ijumaa jioni. Walishuka bila kucheka. Na kwenye benchi, mbele ya mlango wetu, alikuwa amekaa Kabwe na kikombe chake.

Kabwe alisimama kwa heshima, akawapa mkono. «Karibuni sana,» akasema. «Na nyiye mumekuja mapema juu ya kushika nafasi?»

Mzee Elia alikitazama kikombe, akamtazama baba. Shangazi Mwavita aliomba tu kumsalimia bibi harusi. Feza alitoka na unga wa muhogo kwenye mikono, akapiga magoti, na Shangazi Mwavita akamwinua, akamkumbatia. Ulikuwa mkumbatio mrefu. Nilikuwa nimesimama karibu nikaona vizuri: pua ya shangazi ilikuwa penye mdomo wa dada yangu, na ilikuwa inafanya kazi. Alinusa upande wa kulia, akanusa upande wa kushoto. Halafu akamwachia, akasema, kama mtu anayetoa ripoti, «Leo hajakunywa.»

«Leo?» akauliza mama.

Hapo ndipo Mzee Elia alipovua kofia na kusema yaliyowaleta. Alisema bila hasira, na hilo lilitisha zaidi. Alisema kwamba kule Kabambare, na Wamaza yote, watu wanajua kuwa familia ya Papa Yoani imetuma gari kutangaza mjini kwamba binti yao Feza analewa Jumamosi, na kwamba watu wote wamealikwa kuja kumwona. Alisema yeye ni mtu wa shamba, haelewi desturi za Kasongo, lakini mwana wake hawezi kuoa katika desturi hiyo. Feza alishika mchi kama mtu anayeshika nguzo ya nyumba. Baba aligeuka polepole kumtafuta mdogo wake, na mdogo wake alikuwa ameinama nyuma ya gari, akijifanya anatazama gurudumu.

«Selemani,» akasema baba. «Ulisema nini?»

«Yaya, kaka yangu, nilisema anaolewa! Naapa! Riziki alikuwa pale!»

Nikasema ni kweli. Lakini neno la mtoto na neno la mchimbaji hayakumtosha Mzee Elia, na alikuwa ameanza kuirudisha kofia yake kichwani wakati Shangazi Mwavita alipoinua mkono. Alikuwa analitazama buti. Alisema yeye ameongoza kwaya miaka yake yote, na amejifunza kwamba mtu anaweza kuimba neno moja na kanisa likasikia lingine. «Mashine iko hapa, mutu iko hapa,» akasema. «Tusikie kwanza. Kama alisema vibaya, tutarudi. Kama ni mashine, tutajua.»

Baba mdogo alisema siku ile mashine ya gari ilikuwa inawaka, kwa hiyo ilibidi iwake. Na gari haliwaki bila kusukumwa. Vijana wa mtaa hawakuwapo. Basi ukoo wa bwana harusi, wakiwa na nguo zao za safari na hukumu yao mkononi, waliinama pamoja na ukoo wa bibi harusi nyuma ya gari lenye harufu ya samaki, wakasukuma. Kabwe aliweka kikombe chini ili asaidie. Mzee Elia aliteleza na kupiga goti moja kwenye majivu, akainuka, akaendelea kusukuma. Gari lilikohoa, likawaka.

Halafu Shangazi Mwavita akatupanga kama kwaya. Alimweka kila mtu kwenye bafle lake, sikio likigusa, na amri ilikuwa kuinua mkono ukisikia kitu kibaya. Mama aliwekwa kwenye mlango wa mbele kushoto, baba mbele kulia, Mzee Elia nyuma kushoto, Kabwe nyuma kulia. Mimi niliingia ndani ya buti na lile kubwa, kifua changu kikiwa juu yake. Baba mdogo akaweka wimbo. Mzee Elia akainua mkono papo hapo. «Hili langu liko na mafua,» akasema. Ni lile lenye mfuko wa saruji. Shangazi akaamuru likatwe waya, likakatwa. Yaliyobaki yalisikika vizuri. Akaamuru mikrofoni. Akamwambia baba mdogo aimbe herufi zote za sauti, moja moja, nasi tusikilize. Baba mdogo alikuwa mtu wa kifua kipana, amechimba mashimo ya kina ambayo wengine waliogopa kuyachungulia, na sasa alisimama mbele ya wakwe akiwa na mikrofoni, jasho likimtoka, akaimba «a, e, i, o, u» kwa sauti ya mtoto wa chekechea. Hakuna mkono ulioinuka. Shangazi akamwambia aseme tangazo lake. Akalisema, polepole, kwa adabu, kama mtu anayeomba maji: «Feza, binti wa Papa Yoani, anaolewa Jumamosi.»

Lilitoka safi. Kila herufi ilikuwa mahali pake. Sijawahi kulisikia gari lile likisema vizuri namna ile, na sijawahi kulichukia namna ile.

Shangazi Mwavita alisikitika kwa kweli, niliona. «Basi mashine iko muzima,» akasema. Mzee Elia akajipangusa majivu kwenye goti. Mama akakaa chini palepale penye mlango wa gari. Baba mdogo alirudia tena na tena, kila mara kwa upole zaidi, na kila mara gari lilimsaliti kwa kusema vizuri.

Ni Feza aliyekuja. Bibi harusi hasemi mbele ya wakwe zake siku kama hizo. Anakaa ndani, anangoja watu wamalize kuamua. Lakini aliacha mchi, akapita katikati yao wote, machozi yakiwa yamechora mistari kwenye unga wa mashavu yake, akasimama mbele ya baba mdogo.

«Papa mudogo, kwani ile siku ulisema hivi?»

«Ndiyo, mwanangu. Maneno haya haya.»

«Apana. Miye ninakujua. Weye hausemake hivi. Sema kama weye.»

Baba mdogo alimtazama. Nadhani alipomtazama aliikumbuka tena sababu iliyomfanya azunguke mji wote na mikrofoni. Kifua kikajaa. Akafunga macho, akarudisha kichwa nyuma, akaita kwa nguvu zake zote: «Feza! Binti wa Papa Yoani! Anaoooolewa Jumamosi!»

Kifuani mwangu lile bafle kubwa lilishtuka, likapaliwa, likanyamaza, likarudi. Na mtaa wote ukasikia: «Feza! Binti wa Papa Yoani! Ana... lewa Jumamosi!»

Kabwe, aliyekuwa ameitafuta nafasi tangu mwanzo, akainua mkono.

«Tena!» akapiga kelele Shangazi Mwavita. Baba mdogo akarudia, na gari likarudia: analewa, analewa, analewa Jumamosi, wote munakaribishwa, wakubwa na watoto. Kila alipoipandisha ile «o», ampli ilikosa nguvu na kuimeza. Shangazi alianza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, mwanamke yule wa kanisa kali, anacheka mpaka akashika mlango uliofungwa kwa mpira, na mpira ukakatika.

Katikati ya kelele hiyo Daudi alitokea. Alikuwa amesikia kwamba baba yake ameondoka kwenda kuvunja harusi, akaacha zamu yake kwa mwenzake, akaazima baiskeli, na baiskeli ilipoharibika akatembea, kisha akapakiwa na mtu wa mawese. Alikuwa na tope mpaka kwenye nyusi. Kutoka kwenye kona ya barabara alikuwa ameisikia sauti kubwa ikiutangazia mji habari za mchumba wake, si mara moja. Aliingia uani, hakumsalimia mtu, na kijana yule mwenye aibu, ambaye katika ziara zake zote hatukuwahi kumsikia akimaliza sentensi, alisimama mbele ya baba yake.

«Papa,» akasema, anahema. «Hata kama analewa. Nitakuwa ninamubeba.»

Hakuna aliyejua pa kutazama. Feza alifunika uso kwa mikono yake yenye unga. Baba yangu, mtu ambaye hakuwahi kulia mbele yetu, alienda kuangalia kitu nyuma ya nyumba. Mzee Elia alimtazama mwana wake kwa muda, akavua kofia, akaitundika kwenye kioo cha gari. Halafu akauliza kama kuna maji ya kunawa, na tukajua kwamba amekubali kukaa.

Ugonjwa wenyewe tulikuja kuuona mchana uleule. Chini ya kiti cha nyuma kulikuwa na waya mmoja mnene, ule wa kurudisha umeme kwenye betri kupitia bodi ya gari, ambao baba mdogo aliuita masi. Parafujo yake ilikuwa imeliwa na chumvi ya samaki mpaka ikabaki imeshika kwa ukucha tu. Sauti ikiwa ndogo, umeme ulipita. Sauti ikipanda, ulikosa njia. Daudi alishika tochi, baba mdogo akakwangua kutu kwa kisu mpaka chuma kikang'aa, akakaza parafujo nyingine. Na Shangazi Mwavita akainama kwenye ampli, akaanza kurudisha vifungo nyuma, kimoja kimoja, mpaka katikati. Baba mdogo alimtazama kama mtu anayevuliwa nguo hadharani.

Kesho yake tulizunguka mji tena. Safari hii aliyeshika mikrofoni ni Shangazi Mwavita mwenyewe, akiwa kwenye kiti changu, nami nikiwa nimebanwa katikati. Hakumwamini mtu mwingine na neno lile. Alilisema taratibu, akitenganisha vipande vyake kama anayewafundisha waimbaji, «a-na-o-le-wa», na sokoni watu waliokuwa wanangoja kuona ulevi walimpigia makofi. Wengi wao walikuja hata hivyo. Jumamosi uwanja wa kanisa haukutosha. Walikuja waliosikia tangazo la kwanza, waliosikia la pili, na wengine kutoka Wamaza waliotaka tu kumwona msichana ambaye mchumba wake alikubali kumbeba. Kabwe alikuja wa kwanza, kama alivyoahidi. Alikunywa chai kwenye kikombe chake cha bati, akasema ni tamu mno, akanywa tena, na alasiri alibeba mabenchi yote mpaka kanisani.

Mvua zilipoanza, baba mdogo alirudi machimboni, kwa miguu mpaka alipopata pikipiki ya kumpakia. Gari lilibaki uani. Betri ilikufa kwanza, halafu ampli ikaenda kanisani, mabafle ya milango yakagawanywa kwa ndugu, na mwishowe kuku wakalichukua gari lenyewe. Feza na Daudi wana watoto watano sasa, huko Kabambare, na Daudi bado hamalizi sentensi zake.

Mimi nilibaki Kasongo. Nauza vitenge sokoni, nina nyumba yenye ukuta, na mwanangu ana kipaza sauti kidogo kama kopo la maziwa ambacho hakina waya hata mmoja. Kinaimba safi. Sijawahi kumwona akikitafuta kasoro. Siku kitakapokosea, atakitupa na kuomba kingine. Matangazo ya gari yamepungua pia. Wiki iliyopita mwaliko wa harusi ya binti wa binamu yetu uliingia kwenye simu yangu, picha nzuri yenye maua, jina langu limeandikwa bila kosa, saa na mahali, kila kitu. Niliufurahia. Kisha nikasikia jirani yangu akifagia upande wa pili wa ukuta, mama ambaye amewahi kunishikia wanangu wote, na nikatambua kwamba yeye hana habari, kwa sababu simu yake ni ya vifungo, na harusi yenyewe iko nyumba ya nne kutoka kwake. Nilivaa viatu nikazunguka ukuta kumwambia kwa mdomo. Aliegemeza ufagio, akaniuliza ni saa ngapi na kama wamepata mtu wa kubeba viti. Nikamwambia sijui, haikuandikwa. Akasema basi atakuja na wanawe mapema, wavibebe.